Mtoto wa Kijani wa Chumba cha Tatu

Mchoraji mwenyewe alikufa zamani, kabla mama yangu hajazaliwa, na bado aliniharibia likizo. Nasema hivi bila mzaha. Watu wakisikia nilikuwa soja kwenye jumba la sanaa huko Doha hufikiri ilikuwa kazi ya raha: baridi ya AC, ukimya, picha nzuri. Ningependa wasimame wao. Saa kumi za kusimama, viatu vya kampuni, huruhusiwi kukaa, huruhusiwi kuegemea ukuta, na ukutani kuna Mfaransa mmoja tu, asubuhi hadi jioni, miezi minne.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Jumba sitalitaja na kampuni yangu ya ulinzi sitaitaja. Jina la mchoraji pia silitaji. Walilitaja wao vya kutosha.

Nyumbani ni Molo. Nilimwacha binti yangu huko, kwa mama, hajafikisha miaka miwili. Nilimwacha amelala, kwa sababu wanawake wa kanisani walinishauri hivyo: usimuage mtoto, ukimuaga ataugua, mwache alale, akiamka ataona umekwenda na atazoea. Sijawahi kupewa ushauri mbaya kama huo na watu wema kama hao. Mama aliniambia baadaye kwamba alipoamka alizunguka nyumba akifungua kila mlango, hata wa kibanda cha kuku. Kuhusu baba wa mtoto sina la kusema. Yuko Nakuru anauza vipuri na ana familia nyingine.

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na ukiisha nipewe likizo na tikiti ya kwenda na kurudi. Likizo yangu iliangukia mwisho wa Desemba. Januari mtoto alikuwa anaanza chekechea. Nilimwahidi kwa simu, si mara moja: mwaka mpya nitakupeleka shule mimi mwenyewe. Yeye wakati huo alikuwa akijificha nyuma ya sketi ya mama kila simu ilipowashwa, ukaona jicho moja tu na kidole mdomoni. Lakini mama alisema simu ikikatika mtoto huwa anauliza, mwaka mpya ni lini. Basi hiyo ndiyo siku niliyokuwa naifanyia kazi. Nilikuwa nafanyia kazi siku moja, ya kumshika mtoto mkono kutoka nyumbani hadi darasani, ili angalau kitu kimoja maishani mwake akianze akiwa na mimi. Riali zilikuja nyuma ya hiyo siku.

Sasa Mfaransa.

Vilikuwa vyumba vinne, na vilipangwa kwa umri wake. Sisi walinzi tulizungushwa kila saa mbili ili tusisinzie, kwa hiyo kwa siku moja nilikuwa namkuta kijana, namzeesha, halafu namrudisha ujana. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kahawia. Hapo bado ni karani katika ofisi ya mwanasheria, mji wa mvua kaskazini mwa nchi yao, anachora Jumapili tu. Buti zimekaa mlangoni. Kabichi. Mama yake anamenya kitu kama turnipi. Rangi zote kama uji wa wimbi uliopoa. Nilikipenda chumba hicho kuliko vyote, maana mle ndani alikuwa bado mtu kama sisi, ana kazi na ana bosi, na buti zake zina tope.

Chumba cha pili anaugua kifua, daktari anampeleka kusini kwenye jua, na huko, kama alivyokuwa akisema dada mmoja wa Kilebanoni aliyekuwa mwongoza wageni, anagundua kwamba kivuli si cheusi. Kivuli kina rangi. Basi anashikwa na wazimu wa rangi. Barabara anaipaka waridi. Mti mwekundu, shina buluu. Kivuli cha punda cha zambarau. Anaacha ukarani. Wakubwa wa mji mkuu wanamcheka, gazeti moja linasema mtu huyu anunuliwe miwani. Hapo yule dada alikuwa anasimama kidogo ili wageni nao wacheke, na walikuwa wanacheka, kila kundi, mahali pale pale.

Nitasema ukweli, alijua kazi. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne na sanaa hatukufundishwa, lakini ukisimama na picha moja saa mbili kwa siku, miezi, utaijua kuliko mtu aliyeilipia. Kulikuwa na bakuli la ndimu mle, njano yake ilikuwa inanitoa mate. Nilikuwa namchukia na mate yananitoka.

Chumba cha tatu ndicho kilichoniua. Hapo Mfaransa anaona hata jua la kusini halimtoshi. Anaacha mke na watoto watatu, wa mwisho akiwa ananyonya, anavuka kwenda Afrika ya Kaskazini. Miaka sita. Anarudi na masanduku ya picha, na anakuwa mtu mkubwa. Mwongoza wageni alikuwa anashusha sauti hapo, anaweka mkono kifuani, anasema, "Alitoa kila kitu sadaka kwa ajili ya rangi." Wageni wanatikisa kichwa kwa heshima. Halafu anaongeza kwa haraka, kama mtu anayefuta meza, "Mkewe alimudu nyumbani." Basi. Miaka sita, watoto watatu, neno moja. Alimudu.

Nilisikia hayo mara tano kwa siku. Hesabu siku mwenyewe. Na kila niliposikia sadaka, nilikumbuka barua ya shangazi yangu, aliyoituma kwa mkono wa msichana aliyekuja Doha kazi ya nyumba: mwanamke gani anaacha mtoto anayejifunza kuongea, hata ng'ombe hukaa na ndama. Yule aliondoka kutafuta kivuli cha zambarau, akaitwa shujaa na kujengewa ukuta. Mimi niliondoka kutafuta unga, paa lisilovuja na karo, na mimi ndiye nisiyefika hata ng'ombe. Mtu asiniambie niwe mpole.

Picha kubwa ya chumba hicho ilikuwa ya yule mtoto wa mwisho. Alichorwa wiki ile baba aliporudi. Mtoto wa miaka sita, saba hivi, amesimama kwenye mlango wa buluu, na uso wake ni wa kijani. Si kivuli, si taa. Kijani cha jani la kiazi. Mwongoza wageni alisema huo ulikuwa ujasiri, kwamba hakuna aliyewahi kuthubutu kuweka kijani kama hicho usoni mwa mtoto. Nilikuwa natazama tu. Mtoto hatazami mbele. Anatazama pembeni, nje ya picha. Na mkono wake mmoja uko nyuma, na ukikaa na picha muda wa kutosha utaona ameshika kitasa.

Sheria yetu ilikuwa fupi. Mlinzi haongei na mgeni ila kwa mambo matatu: choo kiko upande gani, usiguse, na tokeni nje moto unawaka. Kueleza picha ni kazi ya mwongoza wageni. Ukikiuka unapewa barua ya onyo, na mwenye barua ya onyo likizo yake inasogezwa miezi mitatu. Hiyo iliandikwa kwenye mkataba, nyuma, kwa herufi za kutafuta na tochi. Niliijua. Sitajifanya sikuijua.

Ilikuwa Jumatano, Novemba. Likaja darasa la watoto wa miaka tisa, kumi, na mwalimu wao, mama wa Kihindi mwenye miwani na sauti ya kukwaruza kama amelia au amefundisha sana. Mwongoza wageni alikuwa amenaswa chumba cha pili na wageni wa heshima. Watoto wakasimama mbele ya mtoto wa kijani. Msichana mmoja akauliza, "Ticha, mbona ni kijani?" Mwalimu akasema labda mgonjwa. Halafu akanigeukia.

"Samahani, madam. Wewe unajua?"

Miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa ameniita madam. Nilikuwa hey, nilikuwa sista, nilikuwa nambari. Nikajibu.

"Haumwi," nikasema. "Anayemchora ni baba yake, na yeye hamjui. Baba aliondoka huyu akinyonya. Leo amerudi na ndevu na kofia, anamwambia simama hapo mlangoni usitingishike. Angalia macho. Anamtafuta mama yake. Sasa angalia mkono wa nyuma."

Wakasogea wote. Msichana akaona wa kwanza. "Ameshika mlango!"

"Ameshika kitasa. Anataka kutoka."

"Alitoka?"

"Sijui. Nafikiri alisimama mpaka picha ikaisha. Watoto wengine ni watiifu."

"Na baba yake aliona kwamba anataka kutoka?"

"Rangi aliiona," nikasema.

Mwalimu aliwaambia wakae chini wachore mikono, mikono tu, na wakakaa kimya robo saa nzima wakichora mikono iliyoshika kitasa. Nami nikarudi kwenye alama yangu sakafuni, nikatazama mbele kama inavyotakiwa. Sikujuta. Nilijisikia kama mtu aliyetapika na sasa tumbo limetulia.

Jioni tulipokuwa tunafunga nikapita karibu na kitabu cha maoni ya wageni, kile kikubwa kinachokaa kwenye meza ya kutokea. Nikaona mwandiko wa kialimu, umelala vizuri kwenye mstari. *Kwa mlinzi wa kike wa chumba cha tatu*, na nambari yangu ya kifuani, yote, bila kukosea hata tarakimu moja. *Asante kwa kutueleza picha ya mtoto. Ni somo bora kuliko yote ambayo darasa langu limewahi kupata. Natumaini wakubwa wako wanajua thamani yako.*

Wakubwa wangu! Kitabu hicho supavaiza alikuwa anakisoma kila Jumamosi na kukipeleka kwa mudiri, meneja wetu, kila Jumapili. Yule mama alinishukuru kwa moyo wake wote, na kwa mwandiko mzuri, akaniandikia mashtaka.

Tulikuwa tunaishi mtaa wa Najma, wanawake wanane chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, juu ya duka la kushona abaya. Aliyelala kitanda cha juu yangu alikuwa dada wa Kisumu, mkubwa kwangu, mtandika vitanda hotelini, mwenye jibu la kila kitu. Nilipomweleza alikuwa anasuka nywele zake mwenyewe bila kioo.

"Chana hiyo karatasi," akasema.

"Kurasa zina nambari."

"Mwagia chai."

"Chai nitaipata wapi mle ndani? Hata maji hatuingii nayo."

"Eish. Nyinyi mnalinda karatasi ama mnalinda benki?" Akasuka kidogo. "Sasa sikiliza. Ua likifagiwa, jani moja linaonekana. Usifagie. Wacha majani yaanguke mengi. Kitabu kikiwa kimejaa watu wanasifu masoja wa kila chumba, nani ataliona la kwako? Ataona ni kawaida tu, wageni wanapenda masoja."

Nikasema ni wazo zuri. Hiyo ndiyo sehemu ninayojilaumu. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka akiambiwa wazo lolote lenye mfano hulikubali.

Ijumaa ndiyo siku ya ibada Doha, Jumapili yetu. Mimi sikuweza kwenda kule jumbani siku yangu ya kupumzika, wangenijua. Akaenda yeye na wenzetu wawili, moja kwa moja kutoka kanisani, wakiwa bado wamevaa nguo za ibada na bado wamechemka kwa nyimbo. Kuingia ilikuwa bure. Wakaandika. Wakarudi wamejaa furaha, wamenunua chai ya karak njiani, wananiambia kazi imekamilika, tumekujazia ukurasa mzima, lala usingizi. Nikalala.

Jumamosi asubuhi supavaiza akaniita kwenye kichumba chake nyuma ya mashine za kukagua mizigo. Alikuwa Mganda, mtu wa makamo, mpole wa kusema na mgumu wa kusamehe. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake.

"Nnyabo, keti." Nnyabo kwao ni mama, na ssebo ni bwana.

"Nimezoea kusimama, ssebo."

"Sawa. Wajerumani wamebarikiwa."

"Wajerumani gani?"

"Wameandika hapa. *Sisi watalii kutoka Ujerumani tumebarikiwa sana na mlinzi wa chumba cha pili, ametueleza picha zote, yeye ni chombo.*" Akanitazama. "Chombo. Na hapa kuna Mfaransa. Anasema mlinzi wa chumba cha nne amemfungua macho kuhusu huyu mchoraji na Mungu azidi kumwinua kutoka utukufu hadi utukufu. Chumba cha nne saa ile ya Ijumaa alikuwa yule kijana wa Nepali. Nnyabo, yule kijana hana Kiingereza cha kuomba ruhusa ya choo. Ndiye amemweleza Mfaransa habari za Mfaransa?"

Ningecheka kama si likizo yangu.

"Mwingine wa chumba cha kwanza ameandika Amina mwishoni. Tangu lini mzungu akitoka kuona picha akasema Amina? Mimi nimekaa hapa Doha miaka tisa. Mzungu akifurahi sana anaandika *nice*."

"Labda ni mtu wa kanisa."

"Nnyabo." Akafunga kitabu. "Hebu nikuonyeshe kitu ambacho nyinyi mlioandika hamkukiona. Kabla ya Ijumaa nilikuwa na mlinzi mmoja anayeongea na wageni. Sasa nina wanne. Kila chumba. Mudiri akisoma hiki kesho ataona timu nzima imegeuka walimu. Atatufagia sote, kuanzia mimi, na kampuni itafurahi kumletea wengine. Yule wa Nepali hajafanya kosa lolote duniani. Nimwambie nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Ukweli wangu ulikuwa mdogo, ningeweza kuubeba mwenyewe, na sisi tukaukuza kwa sala hadi ukawaangukia watu wasiojua. Mimi ni mtu wa hasira lakini si mtu wa kuponza wengine.

"Ya Jumatano ni ya kweli," nikasema. "Nilieleza. Hizo nyingine ni za uongo, na zimetoka kwangu."

"Kwako. Miandiko mitatu."

"Ndiyo."

"Una kipawa."

"Ssebo, andika ni mimi."

Akatoa karatasi mbili, akanisogezea kalamu, na nikaandika maelezo kwa mkono wangu: nimeongea na wageni, na kisha nimesababisha maoni ya uongo kuandikwa, walinzi wengine hawahusiki. Niliandika kwa Kiingereza cha shule, kizuri, bila kukata neno. Mwalimu wangu angejivunia. Nilipomaliza nikauliza, "Na likizo?"

Hakunitazama. "Unajua kusoma, nnyabo. Ulisoma mkataba."

"Mtoto wangu anaanza shule Januari."

"Mimi wangu wameanza, wamemaliza, na mmoja ameoa," akasema. "Sikuona hata moja." Alisema bila kujionea huruma, kama mtu anayekutajia kituo cha basi. Sikujua nimchukie au nimpe pole, kwa hiyo sikufanya lolote. Kule mtu hakwenda kwao bila ruhusa ya kutoka yenye sahihi ya mwajiri, kwa hiyo hata ningetupa sare pale pale na kununua tikiti yangu, ningefika uwanja wa ndege na kurudishwa. Nilitia sahihi barua ya onyo. Likizo: mwisho wa Machi.

Walinipa wiki moja ya kumalizia kabla ya kunihamisha. Siku ya mwisho yule dada wa Kilebanoni alinifuata chumba cha tatu kabla milango haijafunguliwa.

"Ni kweli uliwaambia watoto kwamba anataka kutoka?"

"Ni kweli."

Akaenda karibu na picha, karibu kuliko wageni wanavyoruhusiwa. Nilikuwa na haki ya kumwambia rudi nyuma. Sikumwambia. Akatazama ule mkono.

"Miezi minne nimeieleza hii picha," akasema. "Niliambiwa nieleze kijani."

Kundi lililofuata alisema maneno yale yale. Sadaka. Alimudu. Mkono kifuani. Sikumlaumu, alikuwa na kodi ya nyumba na mama mgonjwa Beiruti. Kazi ni kazi. Na mimi saa mbili zangu za mwisho nilizimalizia chumba cha nne, ambako Mfaransa ni mzee, tajiri, macho yamekufa, haoni tena njano wala nyekundu, na binti yake mkubwa, mmoja wa wale watatu, anamsomea majina kwenye vibomba vya rangi ili ajue anapaka nini. Picha za mwisho zote zimechorwa hivyo, kwa mdomo wa binti. Zinasifiwa sana. Hakuna mgeni hata mmoja, miezi yote ile, aliyeuliza huyo binti aliacha nini ili akae pale kusoma vibomba. Nilikuwa na jibu na sheria. Nikanyamaza.

Wakanipeleka Al Thumama, geti la makazi ya familia za maofisa. Huko angalau kulikuwa na kiti. Kulikuwa pia na ndege. Uwanja uko karibu, kila dakika chache moja inapita juu yako imefungua magurudumu au inayafunga, na baada ya siku chache unajifunza ipi inaelekea wapi. Ya Nairobi ilikuwa inapita mchana. Nilikuwa nainua kizuizi cha magari, nainua macho, nashusha vyote viwili.

Nilimwambia mama wiki ile ile. Mama si mtu wa kulia. Alisema, "Mwambie mwenyewe," akampa simu.

Safari hiyo mtoto hakujificha. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa ameanza kunikaribia.

"Mwaka mpya umefika?" akauliza.

"Umekaribia. Lakini mimi sitafika. Shosho atakupeleka." Shosho ndiye nyanya yake, mama yangu.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na uongo kadhaa tayari. Nikasema, "Niliongea kazini."

Akafikiri. "Ukatusi?"

"Hapana. Niliongea tu."

"Teacher atanichapa nikiongea?"

"Akikuchapa nitampiga," nikasema, na mama kutoka nyuma akasema, "Aah, wewe! Usimfundishe mtoto vita!" na tukacheka watu wawili, mtoto akatutazama, hakuona cha kucheka.

Januari alipelekwa na mama. Nilitumiwa picha: sweta ya kijivu kubwa, mikono imefunikwa hadi vidoleni, anatazama jua, amekunja uso. Niliitazama nikiwa getini, katikati ya magari mawili, dereva wa pili akapiga honi.

Nilifika Molo mwisho wa Machi, siku ya shule, kabla ya saa sita. Mama alikuwa shambani kwenye njegere. Aliponiona alinyoosha mgongo, akanishika mabega, akanigeuza kama mtu anayekagua nguo ya mtumba, akasema nimekonda na nimekuwa mweupe kwa kukaa ndani. Halafu akasema, "Wanatoka saa sita na nusu. Nenda wewe. Kamlete."

Nikaenda mbio. Njia ilikuwa na tope, nilikuwa nimevaa viatu vya safari, sikujali. Shule ina geti la mabati lenye kidirisha cha nondo, na kwenye geti kuna soja, mzee wa koti refu na kofia ya sufu, ana daftari. Nikamwambia nimekuja kumchukua mtoto wangu. Akauliza jina la mtoto, akatafuta kwa kidole, akapata.

"Wewe ni nani?"

"Mama yake."

"Hapa kuna jina moja la mwenye kumchukua. Nyanya yake."

"Mimi ndiye mama. Nyanya ni mama yangu."

"Majina yaliandikwa Januari, siku ya kwanza," akasema. "Mzazi alikuja na kitambulisho, akaandikwa. Wewe hukuandikwa."

"Sikuwepo Januari."

"Ndio nakwambia."

Damu ilinipanda hadi masikioni. Nilikuwa nimesafiri usiku kucha. Nilikuwa na pasipoti, nilikuwa na tumbo lenye alama ya upasuaji wa kumzaa huyo mtoto, na nilikuwa karibu kumwonyesha yote mawili. Nilifungua mdomo kumtusi. Halafu nikaona jinsi alivyosimama: miguu imepanuka kidogo, mgongo haujagusa geti, kidole bado kiko kwenye jina asije akapoteza mstari. Alikuwa anafanya kazi sawasawa. Ningekuwa mimi ningesema vile vile, na ningekuwa na kiburi zaidi.

Watoto wakatoka. Mzee hakuniruhusu kuingia, lakini nadhani alinionea huruma, maana alimwita mtoto hadi kwenye kidirisha. Alikuja anaburuta mkoba. Alikuwa mrefu. Hakuna aliyeniambia amekuwa mrefu hivyo.

"Unamjua huyu?" mzee akamuuliza.

Binti yangu alinitazama kupitia nondo. Alitazama uso, akatazama viatu vyenye tope, akarudi usoni. Sikutabasamu. Niliogopa kumchanganya.

"Ndiyo," akasema. "Ni ule wa kwa simu."

Mzee akanigeukia, amekosa raha. "Mama, hiyo haitoshi."

"Najua," nikasema. "Piga simu kwa nyanya yake. Nambari ipo kwenye daftari."

Akapiga. Mama alisema anakuja, anaosha miguu tu. Watoto wengine wakachukuliwa mmoja mmoja, pakabaki sisi watatu, mzee kwenye alama yake, mimi nje, mtoto ndani. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Baada ya muda akasogea karibu na nondo na kuweka mkoba chini.

"Shosho anakuja?" akauliza.

"Anakuja."

"Atachelewa. Goti linamuuma."

"Sikujua linamuuma."

"Tangu Krismasi," akasema. Akachuchumaa juu ya mkoba wake, upande wake wa geti, nami nikachuchumaa upande wangu, tukangoja.